Mwongozo kamili wa kumfundisha mtu wa Kihispania can, must, should na ndugu zao

Kama unafundisha Kiingereza mtandaoni ukiwa huku kwetu basi utakutana nao tu. Mkolombia, Mmeksiko, Mhispania mwenyewe wa Valencia, na mimi nishawahi kupata hadi mtu wa Malabo, Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha ya serikali na ni Afrika hii hii. Ni wanafunzi wazuri jamani, wanaongea, hawana aibu ya kukosea, wanakuita "profe", yaani mwalimu, kwa mahaba utadhani mmekua wote. Shida ni saa tu, maana saa moja jioni ya Bogotá ni saa tisa usiku kwetu, lakini hiyo ndo kazi.

Sasa hawa watu wakifika kwenye can, could, may, might, must, should, will, would na shall, gari linazima. Na mwalimu naye anazima, kwa sababu anachukua ile listi ya kitabuni, can ni uwezo, must ni lazima, should ni ushauri, anawakaririsha, wanafaulu jaribio, afu kesho yake mtu anakutumia meseji "Profe, I will can come at six."

Mi nilifundisha hivyo zaidi ya mwaka kabla sijagundua naanzia upande usio wenyewe. Usianze na neno la Kiingereza. Anza na kile huyo mtu anataka kusema kwa lugha yake, afu mtafutie neno la Kiingereza linalobeba kitu hicho. Na hapo Mswahili una bahati ambayo mwalimu wa London hana, kwa sababu kwenye haya mambo Kiswahili na Kihispania vinafanana mpaka unashangaa. Kuna sehemu vinafanana kwa heri na kuna sehemu vinafanana kwa shari, yaani sisi na wao tunakosea kosa lile lile, kwahiyo kaa macho.

Kihispania huhitaji kukijua chote. Shika maneno 5 tu: "poder" ni kuweza, "saber" kujua, "deber" kupaswa, "tener que" kulazimika, "soler" kuwa na mazoea ya kufanya kitu. Ukiwa na hayo unaliona kosa linakuja kabla halijafika.

Hatua ya 1: ua "cans" na "to can" siku ya kwanza

"Poder" ni kitenzi kizima kama kula na kulala. Kinabadilika kwa kila mtu, puedo, puedes, puede, podemos, pueden, kina wakati uliopita, kina wakati ujao "podré", kina kila kitu. "Can" ni kilema. Haina s, haitaki to, haina ing, haina wakati ujao, haivumilii mwenzake pembeni na haiombi msaada wa do. Mwanafunzi anahamisha tabia zote za poder kwenda kwa can na unapata hivi: "She cans drive", "I can to drive", "Do you can drive?", "I will can drive", "I want to can drive". Makosa matano, ugonjwa mmoja.

Fanya hivi, na fanya kwa mdomo, karatasi baadaye. Mwambie aseme "She drives". Afu mwambie aingize can katikati: "She can drive". Muulize ile s imeenda wapi. Imeanguka. "He works", "He can work", s imeanguka tena. "My mother cooks", tena. Ukifika ya nne ataanza kucheka na anaidondosha mwenyewe. Afu swali, unageuza tu, "Can she cook?", na ukanushi unapachika not, "She can't cook". Rudia na should, rudia na must, rudia na will. Dakika 10 kila kipindi kwa wiki mbili, usimwonee huruma.

Watauliza kwa nini haina s, hawa watu wanapenda kwa nini. Jibu lipo na ni zuri: zamani sana maneno kama can, may na shall yalikuwa maumbo ya wakati uliopita ambayo maana yake ilihamia wakati uliopo, na wakati uliopita wa Kiingereza hauchukui s. He went, si he wents. He can, si he cans. Must nayo ilikuwa wakati uliopita wa neno lingine lililokufa, ndo maana hamna "musted", na ukitaka kusema jana unaazima "had to".

Pale can inapogoma, mpe "be able to" kama spea. Nitaweza kuendesha ni "I will be able to drive", nataka niweze kuendesha ni "I want to be able to drive".

Hatua ya 2: najua kuogelea, naweza kuogelea

Mhispania anasema "sé nadar", najua kuogelea, yaani nilifundishwa. Akisema "puedo nadar" ni naweza kuogelea, leo siumwi, bahari imetulia, nina nafasi. Ni sisi kabisa! Kiingereza kinatupa vyote kwenye "I can swim". Kwahiyo mtu wako atakuambia "I know swim", na anahisi ana haki, na kwa kweli anayo. Mwambie kwamba can yenyewe kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa "cunnan", na maana yake ilikuwa kujua. Mwingereza akisema "I can swim" anasema najua kuogelea, kasahau tu. Hii nikiieleza huwa naona uso unafunguka kwenye skrini, na sijawahi kuirudia mara mbili kwa mtu mmoja.

Hatua ya 3: nilikuwa naweza na niliweza

Hapa walimu wengi wanaruka na ndo panapouma. Kihispania kina "podía" na "pude". "Podía" ni nilikuwa naweza, uwezo uliokuwepo muda mrefu. "Pude" ni niliweza, siku ile, nikafanikiwa. Could ya uwezo inachukua ile ya kwanza: "When I was ten I could climb any tree". Ya pili, tukio moja lililofanikiwa, inataka "was able to" au "managed to". Mtu akichelewa akakimbilia basi akalipata, asiseme "I could catch the bus", aseme "I managed to catch the bus". Lakini kwenye kukanusha could inarudi kote, "I couldn't catch the bus" ni sawa kabisa. Kwahiyo mpe sheria hivi: pude ni managed to, no pude ni couldn't.

Kidokezo cha pembeni, ukichukua mfano wa basi kutoka kitabu cha Hispania utakuta "coger el autobús". Hispania ni kushika basi tu. Meksiko na Argentina hilo neno ni tusi la chumbani, darasa zima litacheka na we hujui wanacheka nini. Tumia "tomar".

Hatua ya 4: si lazima, na usifanye

Nilikuwa na mwanafunzi anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Cartagena. Mgeni kashuka asubuhi anataka kulipia kifungua kinywa, kumbe kimo kwenye bei ya chumba. Kijana kwa ukarimu wote akamwambia "You must not pay." Mgeni akarudisha pochi akabaki anamtazama, akauliza amefanya kosa gani. Kijana akarudia kwa tabasamu pana zaidi, "No, no, you must not!"

Kilichotokea: kichwani alikuwa na "no tiene que pagar", si lazima ulipe. Shuleni walimwambia tener que ni must, kwahiyo no tener que akaona ni must not, hesabu safi kabisa. Tatizo ni kwamba kwa Kiingereza must na have to zinakaribiana zikiwa chanya ila zikikanushwa kila moja inashika njia yake. "You don't have to pay" ni si lazima ulipe. "You mustn't pay" ni usilipe, marufuku.

Dawa yake: mpe jedwali la maneno manne ya kwao, usimpe la Kiingereza. "Tienes que" ni have to. "No tienes que" ni don't have to. "Debes" ni must. "No debes" ni mustn't. Afu mpe hali za kweli aamue: mbwa mkali getini, kiingilio cha bure, dawa ya kunywa na maji, suti kwenye harusi ya rafiki. Mara ya kwanza atakosea nusu. Akisita muulize hivi kwa kwao angesema "no tienes por qué", huna sababu ya kufanya? Akisema ndiyo basi ni don't have to, bila mjadala.

Halafu have to ni kitenzi cha kawaida, inachukua s na do: "She has to work", "Does she have to work?" Ulishamfundisha kudondosha s sasa ataidondosha na hapa, "She have to". Ndo hivyo, unamrudisha. Na kwenye ofisi waambie must waitumie kwa kipimo, "You must send me the report" kwa bosi inasikika kama amri, wakati yeye anadhani ameandika kistaarabu. "Could you send me the report?" inatosha.

Hatua ya 5: atakuwa yuko nyumbani

Tunavyokisia sisi: huyu atakuwa mgonjwa, saa hizi itakuwa saa tisa. Tunatumia wakati ujao kwa kitu cha sasa hivi. Mhispania naye, "estará en casa", "serán las tres". Kwahiyo akili ya kukisia anayo, anachokosa ni ngazi za Kiingereza. Mchoree ngazi kweli. Juu kabisa "He must be at home", taa inawaka, gari lipo, kwao ni "debe de estar en casa". Katikati "He might be at home" au may au could, labda yupo labda hayupo. Chini kabisa "He can't be at home", haiwezekani, nimemwona sokoni sasa hivi, "no puede ser".

Mitego miwili. Wa kwanza, kinyume cha must ya kukisia huwa ni can't, ila wao wataleta "He mustn't be at home" na msikilizaji atahangaika. Wa pili ni wetu sote. Sisi tunasema mvua inaweza kunyesha kesho, wao "puede llover mañana", na wote tunaandika "It can rain tomorrow". Hapana. Kesho moja hiyo ni "It might rain tomorrow" au may. Can inafaa kwa tabia ya kitu kwa ujumla, "It can rain a lot in April", na Aprili Bogotá ni mvua kama masika yetu, kwahiyo mfano huo wanauelewa mpaka kwenye viatu. Pia wana "puede que venga", labda atakuja, ambayo inazaa kitu cha ajabu "Can that he comes". Sentensi nzima inakuwa "He might come", maneno matatu tu, wanafurahi sana kuona ni fupi.

Hatua ya 6: nilipaswa kumpigia

Should ya sasa hivi ni rahisi, "deberías" ni should, songa mbele. Kazi ipo kwenye jana. Mtu anasema kwa kwao "tenía que haberlo llamado", nilipaswa kumpigia na sikupiga, anatafsiri "I had to call him". Mwingereza anasikia nililazimika kumpigia na nikampigia! Maana imegeuka. Ni "I should have called him". Na sisi nilitakiwa kumpigia yetu inaacha vile vile mlango wazi, kwahiyo ujichunge na wewe.

Muundo ni modali, yaani hayo maneno yetu should, must, could na ndugu zao, afu have, na lile umbo la tatu la kitenzi, called, gone, done. Ukishawapa huo wanapata zote kwa bei moja: should have ni majuto, must have ni nakisia ilitokea, might have ni labda ilitokea, can't have ni haiwezekani kuwa ilitokea, could have ni nafasi ilikuwepo. Njia niliyoona inafanya kazi ni hadithi ya pochi iliyopotea. Unampa: umefika nyumbani pochi hamna. Anaanza, "I must have left it in the taxi. I could have dropped it. Someone might have taken it. I should have checked." Mwache aongee dakika 3 bila kumkatiza. Kwa masikio should have inatoka "shudav", na usishangae ukiona wenyewe Waingereza wanaandika "should of", ni hilo hilo sikio.

Hatua ya 7: nge, na aibu yangu

Hii nakiri. Niko darasani na mtu wa Valencia naandika kwa kujiamini "If I would know, I would tell you". Kimya kidogo. Afu kwa upole, "Profe, ¿no es if I knew?", yaani mwalimu, si ni if I knew? Nilitamani umeme ukatike, na siku hiyo ukawa umewaka vizuri kuliko siku zote.

Nilitoa wapi? Kwenye ningejua ningekuambia, nge mbili. Kiswahili kinaweka nge pande zote, Kiingereza would inakaa upande wa matokeo tu. Mhispania yuko salama zaidi yetu hapo, maana anasema "si supiera, te lo diría", maumbo mawili tofauti, ingawa kaskazini mwa Hispania kuna wanaosema "si tendría", ile ría hadi upande wa "si", yaani kama, na hao wataanguka na sisi. Mpe hivi: pale kwao penye "ría" ndo penye would. Diría, would tell. Compraría, would buy. Upande wa pili, wa "si" yao, unachukua wakati uliopita wa kawaida.

Ila kwenye mambo yaliyokwisha pita wao nao wana ugonjwa wetu. "Si hubiera sabido, hubiera venido", hubiera mbili kama nge mbili, wanaleta "If I had known, I had come". Ni "If I had known, I would have come". Siku hizi nikifundisha hii naandika na ya Kiswahili pembeni kuwaonyesha kwamba wote tuko kwenye mtumbwi mmoja, wanaipenda.

Kuhusu "soler" kwa haraka: "suelo levantarme a las seis" ni ile hu yetu, huamka saa kumi na mbili. Wataandika "I use to get up at six". Used to haina wakati uliopo, ni "I usually get up". "Solía" ndo used to.

Hatua ya 8: nikusaidie? nipe kahawa

Mhispania anatoa msaada kwa wakati uliopo, "¿te ayudo?", anazaa "Do I help you?" kama vile hana uhakika anasaidia. Sisi tunasema nikusaidie, nifungue dirisha, twende? Popote wewe ungetumia umbo hilo kwenye swali, Kiingereza ni "Shall I help you?", "Shall we go?" Shall nyingine zote achana nazo, kwenye mazungumzo ya kila siku zimebaki chache. Na wakijitolea, "te llamo mañana", nakupigia kesho, watasema "I call you tomorrow". Inatakiwa will, "I'll call you tomorrow".

Mkahawani ndo burudani. Mkolombia anaagiza "¿me regalas un tinto?", neno kwa neno anaomba azawadiwe kahawa nyeusi, na analipa kama kawaida. Hispania ni "¿me pones un café?", niwekee kahawa. Ukitafsiri zote mbili unachekesha. "Can I have a black coffee, please?" na imeisha. Could ni upole zaidi, may ni suti na tai.

Hatua ya 9: mdomo

Usiiache mwisho kama nilivyoiweka mimi hapa, ifanye kila siku. Kihispania kinatamka kila silabi sawasawa, kama Kiswahili, kwahiyo wanasema "ai KAN suim" na Mmarekani anasikia can't. Can inamezwa, "ai kn SWIM", uzito kwenye kitenzi. Can't ndo inabeba uzito wake yenyewe. Would kwao inatoka "gud", hata wiski kwenye kamusi yao iliingia kama "güisqui", waambie wachongoe midomo kama wanataka kupiga mluzi. Should inatoka "chud" kwa sababu wengi hawana sh. Na ile l haitamkwi popote, could, would, should zinatoka kwa mlio mmoja na good. Kwenye could hiyo l haikuwahi hata kuwa na kazi, iliingizwa kwenye maandishi kwa kuiga wenzake wawili. Mustn't ile t ya kwanza inakufa, "masnt".

Kipimo changu cha mwisho kabla ya kumruhusu mtu aende ngazi nyingine: anitumie voisi ya dakika 2, bila kusoma popote, kuhusu jirani ambaye hajaonekana siku tatu. Akisie jirani yuko wapi, aseme jirani angepaswa kufanya nini, yeye mwenyewe afanye nini, na nini si lazima afanye. Naisikiliza mara mbili, ya kwanza kwa maana, ya pili kwa can na can't tu, afu namrudishia voisi yenye kosa moja la kurekebisha, moja tu, mengine yanasubiri wiki ijayo.